Unasikiliza Nini Sasa, na kwa Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapenzi wa Muziki wa Dansi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wanaopeana nyimbo za muziki wa dansi, hasa zile zilizorekodiwa Dar es Salaam na Nairobi kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980. Utaratibu wetu ni mmoja: anayemletea mwenzake wimbo humwambia pia sababu ya kuusikiliza. Maswali mengi tunayopokea yanahusu sehemu hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayowatatiza watu.

Kwa nini jina la wimbo peke yake halitoshi?

Kwa sababu jina linamwambia msikilizaji kitu cha kutafuta, lakini halimwambii cha kusikiliza akishakipata. Afrika Mashariki tuna mazoea ya muda mrefu ya kupeana nyimbo hadharani. Kwa miaka mingi watu walinunua kadi za salamu, wakaandika wimbo wanaouomba na orodha ya ndugu, jamaa na marafiki, wakazituma redioni, Radio Tanzania Dar es Salaam au Sauti ya Kenya, kisha wakakaa karibu na redio kusubiri kutajwa. Mwishoni mwa kadi palikuwa na nafasi ya ujumbe, na ujumbe huo aghalabu ulikuwa methali au usia. Ulikuwa utamaduni mzuri sana, na wengi wetu tulizijua bendi kupitia vipindi hivyo. Hata hivyo, kadi haikuuliza mtu ameupendea nini wimbo wenyewe, na mtangazaji hakuwa na muda wa kueleza. Sisi tunao muda huo. Mtu akiniambia nisikilize namna tarumbeta zinavyomjibu mwimbaji mwishoni mwa ubeti wa kwanza, tayari ameniazima masikio yake, nami nitaukuta wimbo ule ule ukiwa na jambo ambalo huenda nimelipita mara nyingi bila kuligundua.

Sijasomea muziki. Nitaelezaje sababu zangu?

Eleza unachokisikia kwa maneno unayoyatumia kila siku. Hakuna anayekutaka utaje funguo za muziki wala majina ya mapigo. Sentensi kama “napenda pale besi inaponyamaza na kurudi tena” ina thamani kubwa kuliko “wimbo huu ni mtamu sana”, kwa kuwa ya kwanza inaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye masikio. Tunachokuomba ni kuonyesha mahali. Taja chombo, taja sauti ya mtu fulani, taja neno moja la shairi au badiliko la mwendo, na ukiweza taja dakika inapotokea.

Sababu za maisha yako zinakubalika pia. Wapo wanaosikiliza wimbo kwa sababu ulipigwa harusini kwao au kwa sababu mzazi wao aliupenda, na hatuwezi kumwambia mtu kwamba sababu hiyo ni ndogo. Tunaomba tu asiishie hapo, kwa sababu sisi wengine hatukuhudhuria harusi hiyo, na njia pekee ya kuingia katika wimbo wake ni sauti iliyomo ndani yake.

Wimbo wa dansi umejengwaje, na nielekeze wapi masikio?

Swali hili ndilo linalotupendeza kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Nyimbo nyingi za kipindi hicho zina sehemu kuu mbili. Ya kwanza huenda taratibu: gitaa hutangulia, mwimbaji kiongozi hueleza kisa, na wenzake humpokea kwa kiitikio chenye sauti mbili au tatu zilizopangwa. Ya pili ni chemko, ambapo mwendo huongezeka au hukazwa, maneno hupungua na kuwa mafupi, na vyombo hushika usukani. Wageni wa muziki huu mara nyingi husikiliza sehemu ya kwanza kwa makini, kisha huichukulia ya pili kuwa ya kuchezea tu. Tunawasihi wafanye kinyume angalau mara moja, waingie moja kwa moja kwenye chemko na kufuatilia gitaa moja tu hadi wimbo uishe.

Magitaa huwa matatu au manne, na kila moja lina kazi yake. Gitaa la solo huchora mstari wa juu ambao watu huuimba kwa mdomo hata wasipokumbuka maneno. Gitaa la pili la solo hujaza nafasi anazoziacha mwenzake, mara nyingi kwa kurudia kipande kifupi bila kuchoka. Gitaa la rithimu hushikilia mwendo, na besi, ambayo katika muziki huu haipigwi mfululizo bali huacha mapengo ya makusudi, ndiyo inayoamua wimbo utachezwaje. Nyuma yao kuna tumba na drams. Juu yao, katika bendi zilizokuwa nazo, kuna tarumbeta na saksafoni, ambazo hazipigwi wakati wote. Kujua wapulizaji wanaingia wapi na wananyamaza wapi ni nusu ya kuujua mpangilio wa wimbo.

Asili ya sehemu kubwa ya ujenzi huu ni santuri za Kikuba zilizoletwa Afrika na kampuni za kurekodi za Ulaya, hasa zile za mfululizo wa G.V. ulioanza kutolewa mwaka 1933. Si kwa bahati kwamba bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro iliitwa Cuban Marimba. Lakini anayedhani muziki wa dansi ni rumba ya Kuba iliyotiwa maneno ya Kiswahili hajasikiliza vya kutosha. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park wakawa na Sikinde, na majina haya mawili ya mwisho yametokana na ngoma za asili za pwani. Mapigo ya tumba katika chemko la Sikinde yana deni kwa ngoma za Wazaramo, na hayo ni mambo ambayo santuri ya kutoka Havana isingeweza kuyafundisha.

Je, NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma ni bendi nne tofauti?

Hapana. Ni bendi moja iliyobadilishiwa jina kadiri mmiliki wake alivyobadilika. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi kilichoitwa NUTA. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama hicho kikawa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, na bendi ikaitwa JUWATA. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokuja OTTU, jumuiya ya wafanyakazi iliyochukua nafasi ya JUWATA, bendi ikafuata tena. Jina la mtindo wake, Msondo, ndilo lililodumu kuliko majina ya wamiliki, na hatimaye likawa jina la bendi yenyewe.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu lina faida katika kusikiliza. Ukikuta lebo imeandikwa NUTA, unajua rekodi ni ya kabla ya mabadiliko ya kwanza; ukikuta JUWATA, uko kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990. Jina linakupa tarehe hata pale ambapo aliyetengeneza nakala hakuandika mwaka. Mfano mwingine ni Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983, na ndiyo maana herufi DDC, kifupi cha jina la Kiingereza la shirika hilo (Dar es Salaam Development Corporation), zimetangulia jina lake katika rekodi za baadaye.

Umiliki wa namna hii ulikuwa na maana kubwa kwa wanamuziki. Vyombo vilikuwa vya shirika, mshahara ulikuwa wa mwezi, na mwanamuziki aliyehama aliondoka na kipaji chake tu. Huenda hali hiyo ndiyo iliyozifanya bendi ziwe na vikosi vikubwa vya wapulizaji na waimbaji, kwa kuwa bendi ya mtu binafsi isingeweza kuwalipa watu wengi hivyo kila mwezi.

Nimemsikia Muhidin Maalim Gurumo katika bendi tatu. Kuna makosa katika nakala zangu?

Inawezekana hakuna kosa lolote. Gurumo aliimba NUTA Jazz, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985 na mtindo wa Ndekule ukazaliwa, kisha akarejea Msondo, ambako alikaa hadi alipostaafu. Alifariki mwaka 2014. Mwimbaji Hassan Rehani Bitchuka naye anasikika katika zaidi ya bendi moja. Kuhama huku kulizua ushindani mkali kati ya mashabiki wa Msondo na wa Sikinde, ushindani ambao bado unaendelea kila bendi hizo zinapokutana jukwaani.

Tunakushauri utumie uhamaji huo kama zoezi. Chukua wimbo mmoja ambao Gurumo ameimba Mlimani Park na mwingine alioimba Msondo, vyote viwe vya mwendo wa taratibu, uvisikilize vikifuatana. Sauti ni ya mtu yule yule, nzito na isiyoharakishwa, lakini waliomzunguka wamebadilika, na utaona jinsi mpangilio wa tarumbeta unavyomfanya asikike kama mzee anayeshauri mahali pamoja na kama mlalamikaji mahali pengine. Hatukulazimishi uchague upande. Mimi binafsi nikiombwa kutaja kikosi kimoja kilichopangika kuliko vyote, nitataja Mlimani Park ya miaka yake ya mwanzo, iliyokuwa na Michael Enoch, mtu aliyewahi kuwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kujulikana kwa saksafoni, na aliyewafundisha wengi.

Ninapoleta wimbo, nitaje nini zaidi ya jina lake?

Taja bendi, mtunzi kama unamjua, mwimbaji kiongozi, na toleo unalolizungumzia. Mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na katika bendi zetu mtunzi wa wimbo maarufu anaweza kuwa mpiga gitaa ambaye sauti yake huisikii kabisa. Kumsahau ni dhuluma.

Toleo lina umuhimu wake pia. Watu wengi wakisikia jina “Shauri Yako” humfikiria Super Mazembe, na ni kweli kwamba bendi hiyo iliupa wimbo umaarufu mkubwa, lakini mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, aliyeurekodi na Orchestra Festival du Zaire. Ukimwambia mwenzako asikilize gitaa la “Shauri Yako” bila kutaja toleo, mnaweza kubishana jioni nzima, kila mmoja akiwa na rekodi yake. Kuhusu “Malaika” tunawaomba wasikilizaji wawe waangalifu zaidi. Fadhili William aliurekodi na kuutangaza, lakini haki ya utunzi imedaiwa na watu zaidi ya mmoja. Andika nani ameimba katika nakala yako, na mengine uyaache yalivyo.

Mbona wimbo wangu unakatika katikati, kisha unaanza tena kama wimbo mwingine?

Nakala yako imetoka kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi, ilhali wimbo ungeweza kufika dakika nane au zaidi, hivyo ulikatwa vipande viwili na kuwekwa pande zote mbili. Mara nyingi mkato uliangukia pale maneno yanapokwisha na chemko kuanza. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wakusanyaji, na hata baadhi ya vituo vya redio, walipiga upande A tu, na watu wakakua wakiujua nusu ya wimbo. Tafuta sehemu ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Rekodi za Radio Tanzania ni jambo jingine. Hizo zilifanyika studioni kwa utepe, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na wimbo uliachwa uende urefu wake. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kumrekodi kila mtu peke yake na kumsahihisha baadaye, bendi ilipaswa kuingia studioni ikiwa imeiva. Ndiyo maana katika rekodi hizo unasikia watu wanaosikilizana: mpiga drams anapunguza nguvu mwimbaji anapoinua sauti, na solo hungoja tarumbeta zimalize.

Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kati ya nchi hizi mbili kufungwa hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu, na kwa nyimbo nyingi za kipindi hicho utepe wa redio ndio ushahidi pekee uliobaki.

Nikisikiliza kwa simu sisikii besi. Je, rekodi ni mbovu?

Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini. Tumia visikizi vya masikioni, hata vya bei nafuu, au spika kubwa kidogo. Usiseme besi ni hafifu kabla ya kufanya hivyo.

Maneno ya nyimbo hizi ni mafumbo. Nitajuaje maana iliyokusudiwa?

Mara nyingi hutaijua yote, na hilo lisikuzuie kueleza unachokielewa. Watunzi wa dansi walirithi mazoea ya ushairi wa Kiswahili, ambapo msemaji humlenga mtu bila kumtaja, na msikilizaji ndiye anayemaliza kazi. Mlimani Park wana wimbo uitwao “Mtoto Akililia Wembe”, ambao jina lake ni nusu ya methali. Nusu ya pili kila Mswahili anaijua, na bendi iliwaamini watu wake kiasi cha kuwaachia waimalizie.

Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, alishika njia nyingine. Yeye alisimulia visa vya watu wenye majina, kama Zuwena na Mwanameka, na nguvu ya nyimbo zake ni kwamba unataka kujua mhusika ameishia wapi. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu nchini Kongo na kuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kuongoza Super Matimila, alisema mambo waziwazi kuhusu umaskini, kifo na UKIMWI. Unapoleta wimbo wa yeyote kati yao, tuambie kama maneno yanakuvuta kwa sababu yanaficha au kwa sababu yanafichua. Hizo ni starehe mbili tofauti.

Bendi za Nairobi na zile zilizotoka Zaire zinahesabiwa?

Ndiyo, bila shaka. Wanamuziki ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakavuka mpaka na kuijenga Simba Wanyika nchini Kenya. Orchestra Maquis walitoka Zaire na kufanya makao Dar es Salaam, wakaimba Kiswahili na kulea wasikilizaji wao hapo. Ndala Kasheba, aliyelifanya gitaa la nyuzi kumi na mbili kuwa alama yake, naye alitokea huko. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Japani na Morogoro Jazz katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, alikuwa kipenzi cha Wakenya kama cha Watanzania, na alifia Mombasa katika ajali ya gari mwaka 1979. Kuugawa muziki huu kwa pasipoti ni kuupunguza.

Na taarabu? Na Bongo Fleva?

Lete, mradi uonyeshe kiungo. Taarabu asilia ya Unguja na ya Mombasa ina wasikilizaji wake wenye ujuzi mkubwa, na udi, kanuni na fidla vinahitaji maelezo yao wenyewe ambayo hayatoshi hapa. Bongo Fleva tunaipokea hasa pale msanii anapochukua kipande cha wimbo wa zamani. Hapo tunaomba utaje wimbo uliochukuliwa pamoja na walioupiga, kwa sababu mara nyingi majina yao hayatajwi.

Naruhusiwa kumtumia mtu nakala ya wimbo?

Nyimbo hizi zina wenyewe, na wengine bado wako hai na wanahitaji kipato. Pale ambapo wimbo unauzwa au unapatikana kihalali, mwelekeze mwenzako huko. Kuna matoleo mapya yaliyofanywa kwa uangalifu, kama mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, ambao licha ya jina lake una juzuu za muziki wa dansi wa Dar es Salaam pia. Zaidi ya yote, Msondo na Sikinde bado wanapiga. Kwenda ukumbini na kulipa kiingilio kunawafaa kuliko sifa zetu.

Mwandishi wa majibu haya anasikiliza nini sasa, na kwa nini?

“Sina Makosa” ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Najua kwamba ni wimbo unaojulikana na kila mtu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuurudia, kwa kuwa nyimbo zinazojulikana sana huacha kusikilizwa. Anayeimba anatuhumiwa na mwanamume mwenzake, naye anajitetea kwamba kila mmoja ana mke wake nyumbani, hivyo chuki haina sababu. Hatumsikii mtuhumu hata mara moja. Tunaijua hasira yake kwa jinsi anavyojibiwa tu.

Sasa sikiliza vyombo. Gitaa la rithimu la Omari Shabani, ambaye ndiye mtunzi, na besi ya Tom Malanga vinakwenda pamoja kwa utulivu ule ule tangu mwanzo, bila kuonyesha kwamba kuna mtu anayetishiwa. Maneno yana ugomvi, gitaa halina. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikijiuliza kama utulivu huo ni wa mtu asiye na hatia, au ni wa mtu aliyeyapanga maelezo yake mapema. Mwenye jibu atuletee, na aonyeshe ni mahali gani katika wimbo amelisikia.